Baiskeli ya Mjomba Juu ya Lori la Mbao

Mwanangu amenunua chuma cha kubebea baiskeli nyuma ya gari lake. Kina mikanda na vishikizo na kufuli lake dogo. Kila akija Lushoto na watoto wakati wa likizo huzipanga baiskeli zao humo tutoke matembezi, anazitikisa mara moja, anapangusa mikono, basi. Mimi huketishwa kiti cha mbele kwa sababu ya uzee. Hatujafika hata Soni, shingo yangu imeshageuka nyuma, na mguu wangu unakanyaga sakafu ya gari kana kwamba breki iko upande wangu.

"Baba, tulia. Zimefungwa."

"Nimeona."

"Sasa unaangalia nini?"

Huwa sina jibu la maana. Swali la namna hiyo niliwahi kuulizwa ujanani, mbele ya ukoo mzima wa watu, na siku hiyo pia sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekaa juu ya lori la mbao, nimekumbatia baiskeli mpya, mahali ambapo kwa desturi zetu sikutakiwa kuonekana kabisa.

Mimi ni mtu wa kiherehere. Mama yangu alikuwa akisimulia kwamba nilizaliwa mkunga akiwa bado njiani, na wala hakuwa amechelewa. Chai hunibabua ulimi kila asubuhi kwa sababu siwezi kuisubiri ipoe. Nikimsubiri mgeni, namfuata njiani mpaka tunakutana karibu na kwake. Watu walinicheka kwa hilo tangu utotoni, nami nikacheka nao, mpaka mwaka ule nilipotaka kuoa ndipo nikaona kwamba kiherehere kinaweza kumponza mtu kweli.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, nchi ikiwa bado changa na kila mtu akimwita mwenzake ndugu. Nilikuwa mpima mbao kwenye kiwanda cha kupasua mbao, huko juu ya Lushoto. Shule ya msingi ya jirani ililetewa mwalimu mpya, msichana wa Bungu, kule kwenye milima ya upande wa Korogwe. Nilimpenda kwa haraka, kama nifanyavyo mambo yangu yote. Yeye alichukua muda wake. Alikuwa mtu wa kutulia hasa. Akichambua maharage ungedhani anayasoma.

Baba yake alikuwa amefariki, na aliyemlea ni mjomba wake, mwinjilisti wa kanisa, mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Kauli ilikuwa yake. Mshenga wangu alikuwa baba yangu mkubwa, na alipokwenda kumsikiliza alirudi na jibu fupi. Mjomba hataki ng'ombe wala mbuzi. Anataka baiskeli, maana amehubiri kwa miguu vijiji vyote vya mlima ule na magoti yamechoka. Na baiskeli yenyewe ije mpya, isiwe imekaliwa na mtu, mipira yake isiwe imekanyaga vumbi. Ikifika imeshatumika, mazungumzo yamekwisha, kwa sababu yupo bwana mwingine, msimamizi wa shamba la mkonge, ambaye naye amebisha hodi na hana papara.

Hilo la papara mjomba alilisema makusudi. Alikuwa ameshasikia habari zangu.

Tena lilikuwepo sharti ambalo halikuhitaji kutajwa. Kwetu, vitu vya posa vinapopelekwa, mwoaji habanduki nyumbani kwao. Mshenga ndiye anayekwenda. Mwoaji akionekana ukweni siku hiyo ni aibu kubwa, ni sawa na kwamba amevifuata vitu vyake ahakikishe havipotei, na watu wa mke wana haki ya kuvirudisha vyote. Niliyajua hayo kabla sijaanza shule.

Kuipata baiskeli ilikuwa kazi ya peke yake. Zilikuja kwa mgao, na sitaki kukumbuka foleni zile. Ilipopatikana ilikuwa nyeusi, inang'aa, usukani umeviringishwa karatasi, na sikuthubutu hata kupiga kengele yake. Kuiendesha mpaka Bungu isingewezekana, na kuikokota ni kuikanyagisha vumbi. Ilibidi ipande gari. Bahati nzuri wanakijiji wa Bungu walikuwa wanajenga madarasa kwa kujitolea, na kiwanda chetu kilikuwa kinawapelekea mbao. Dereva wa lori alikuwa rafiki yangu, mzaliwa wa Mombo, mtu wa maneno machache na utani mwingi. Alikubali kuichukua baiskeli pamoja na baba mkubwa.

Asubuhi ya safari nilikuwa nimeazima kamba ya katani pale kiwandani. Baba mkubwa aliipitisha kiganjani, akaitupa chini.

"Hii inakwaruza rangi," alisema. "Unataka mjomba wa watu apokee baiskeli yenye makovu?"

"Lakini inashika, baba mkubwa."

"Na ya mgomba haishiki? Nyumba ya babu yako ilifungwa na nini?"

Mtu habishani na baba yake mkubwa, sembuse akiwa ndiye mshenga wake. Alikuwa amesokota kamba za magome ya mgomba kwa mikono yake, akazilaza kijitoni usiku kucha zikalainika. Akaisimamisha baiskeli katikati ya mbao. Chini ya mipira akatandika blanketi lake mwenyewe, akaivika majani makavu ya mgomba kila mahali chuma kilipokaribia mbao, kisha akaanza kufunga: shingo ya usukani, fremu, keria, rimu ya nyuma. Hakuwa na haraka. Mimi nilikuwa nazunguka lori nikiuliza kama tumesahau kitu. Alipomaliza niliishika baiskeli nikaitikisa kwa nguvu zangu zote, na lililotikisika ni lori.

Hapo ndipo nilipotakiwa kurudi nyumbani, nikapasue kuni, nisubiri. Badala yake nilisema nina shida ndogo Mombo.

"Shida gani Mombo?" baba mkubwa aliuliza.

"Chumvi."

"Lushoto hakuna chumvi?"

"Haipo dukani wiki hii," nilijibu, na ilikuwa kweli, maana miaka ile ungeweza kutaja kitu chochote ikawa kweli.

Tulishuka mlima watu watatu kwenye kibanda cha dereva, baba mkubwa katikati na mimi dirishani. Kila kona nilitoa kichwa nje. Dereva alisema akinipa kioo cha pembeni nikishike, ataokoa shingo yangu. Sikucheka. Nilikuwa nawaza mpira ukigusa mbao, pedeli ikigonga, mjomba akipitisha kidole kwenye mchubuko na kusema kwa ile sauti yake ndogo kwamba msimamizi wa mkonge aitwe. Upepo uliokuwa baridi ukaanza kuwa vuguvugu, baba mkubwa akavua koti, na huko chini Mombo ikaonekana, mabati yake yanawaka jua.

Niliposhuka nilipanda bodi ya lori kuiaga baiskeli. Sikuamini nilichokiona. Kamba ambazo asubuhi zilikuwa zimekaza mpaka haziingizi ukucha, sasa ngumi nzima ilipita. Zilikuwa zimekauka, zimenyooka, zimeongezeka urefu. Usukani ulikuwa umelala upande, na baiskeli nzima ilikuwa imesimama kwa huruma ya blanketi tu. Moja ilikatika nilipoivuta.

Baba mkubwa alipanda akazishika, moja baada ya nyingine.

"Kule kwetu hazilegei," alisema.

"Kule kwenu hakuna jua, mzee," dereva alimjibu kutoka chini.

Kosa letu lilikuwa hilo. Tuliifunga baiskeli kwa hali ya hewa ya kwetu, yenye ukungu, tukaipeleka kwenye hali ya hewa ya watu wengine. Sisi watu wa milimani tunashuka Mombo kila mara, tunalalamikia joto lake mpaka wenyeji wanatuchoka, lakini haikutujia hata mmoja wetu kwamba joto hilo lina habari na kamba pia.

Nilikimbia duka hadi duka kutafuta katani. Mkonge ulikuwa umepandwa kuanzia pale kuelekea Korogwe mpaka macho yakachoka, mistari na mistari, lakini madukani kulikuwa na viberiti na dawa ya viatu. Mwenye duka mmoja alinionyesha shamba kwa kidole.

"Kamba ndiyo ile, ndugu," alisema. "Ila bado haijawa kamba."

Nilirudi mbio nimelowa jasho. Baba mkubwa alikuwa amefunga upya kadiri alivyoweza na kuzimwagia kamba maji, ingawa wote tulijua upepo wa njiani ungezikausha kabla hatujafika mbali. Dereva alikuwa anatazama milima ya mbele.

"Wingu limeshakaa Bungu," alisema. "Mvua ikitutangulia, lori hili halipandi leo wala kesho. Tuondoke. Nani anaishika?"

Baba mkubwa alikuwa mtu mzima sana kukaa juu ya mbao akishindana na baiskeli. Dereva ana usukani wake. Nilikuwa nimeshapanda kabla hawajanitazama.

"Mpaka Korogwe tu," baba mkubwa alisema. "Pale tutatafuta kamba na wewe utashuka."

"Na chumvi?" dereva aliuliza.

Nilikaa juu ya mbao, nikapitisha mguu mmoja huku na mwingine kule bila kuikalia, nikaikumbatia fremu. Barabara ya bondeni ilikuwa na mabonde yake madogo, na kila lori liliporuka baiskeli ilitaka kwenda upande mmoja na mimi upande mwingine. Vumbi liliniingia machoni, na sikuweza kuachia mkono kulifuta. Niliogopa. Niliogopa itaanguka, niliogopa nikiilinda hivyo nitaonekana ukweni, na sikujua ipi ni mbaya zaidi. Kichwani nilikuwa nahama kutoka hofu moja kwenda nyingine na kurudi, kilomita baada ya kilomita, na mkonge ukipita pande zote mbili kana kwamba yule msimamizi wa shamba ameupanga unisindikize.

Korogwe dereva alipunguza mwendo, akatoa kichwa. Wingu lilikuwa limeshakuwa jeusi.

"Unashuka?"

Niliitazama baiskeli. Ilikuwa imeniegemea begani.

"Twende," nilisema.

Niliona kisogo cha baba mkubwa kupitia kidirisha cha nyuma, na hakikugeuka.

Tulipoanza kupanda, hewa ilipoa. Kwanza ukungu, kisha manyunyu, halafu mvua nyembamba ya milimani ambayo hainyeshi wala haiachi. Nilijipangia kwamba kwenye kona ya mwisho kabla ya kijiji nitagonga bodi, lori lisimame, niruke nijifiche kwenye mahindi mpaka shughuli iishe. Mpango ulikuwa mzuri. Kona ya mwisho ilikuja, nikaiona inakuja, nikaiona inapita. Mikono yangu haikuachia.

Ndivyo nilivyoingia uani kwa mjomba, juu kabisa, mbele ya watu wote, nimelowa, mwekundu kwa vumbi lililogeuka tope, kifua changu kimelala kwenye fremu.

Wanawake walikuwa wameanza vigelegele walipoona lori. Vilikatika. Bibi mmoja aliyekuwa anamwendea baba mkubwa na "onga mshi" yake, salamu yetu ya Kishambaa, aliishia katikati ya salamu. Mchumba wangu alikuwa kwenye mlango wa jikoni, maana shule zilikuwa zimefungwa. Alinitazama mara moja tu, akaingia ndani.

"Shikamoo, mjomba," nilisema.

Hakuitika. Nimeshikwa na malaria, nimefiwa, nimefukuzwa kazi, lakini sikumbuki ubaridi kama ule wa shikamoo inayobaki hewani.

Mjomba alipanda bodi polepole kwa yale magoti yake. Hakunitazama. Alichuchumaa, akapitisha ukucha kwenye mpira wa mbele, kuzijaribu zile nywele ndogo za mpira ambazo huwa kwenye gurudumu jipya na kuisha siku ya kwanza ya kukanyaga barabara. Zilikuwepo. Akaenda gurudumu la nyuma. Zilikuwepo. Akapitisha kiganja kwenye madigadi, akabonyeza keria. Kisha akaingiza kidole chini ya kamba ya baba mkubwa, na kidole hakikuingia. Akajaribu nyingine. Zilikuwa zimelowa njia nzima ya kupanda, zimejikunja zikarudi urefu wake wa asubuhi, na baiskeli ilikuwa imesimama imara bila msaada wa mtu.

"Kamba zimekaza," mjomba alisema. "Sasa wewe ulikuwa unashika nini?"

Nilijaribu kuachia, nikagundua kwamba vidole havifunguki. Vilikuwa vimekakamaa kwenye chuma. Mjomba aliona. Akanishika kidole gumba, akakikunjua, kisha kinachofuata, kimoja kimoja, mpaka mkono ukatoka, halafu akaenda mkono wa pili. Viganja vyangu vilikuwa na mfereji mwekundu ilipokaa ile fremu. Alivitazama viganja hivyo kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama baiskeli.

Baba mkubwa alisema kutoka chini, kofia mkononi, "Mzee mwenzangu, tumekosa. Kamba zetu zilituangusha bondeni. Kijana hakuwa wa kuja huku."

"Kijana gani?" mjomba aliuliza.

Akaonyesha baiskeli kwa kidole, kisha kamba.

"Mimi naona baiskeli, na naona kamba. Mwoaji yuko kwao Lushoto, ametulia, anasubiri. Sivyo?"

Baba mkubwa alirudisha kofia kichwani. "Ndivyo," alisema.

"Basi baiskeli iingizwe ndani. Na kamba zikawekwe kwenye kibanda cha kuni." Alianza kushuka, kisha akasimama. "Kamba zote."

Nikawekwa kwenye kibanda cha kuni. Walinirushia zile kamba za mgomba kando yangu, majimaji, na mlango ukaegeshwa. Hakuna aliyenisalimu wala kuniletea maji, kwa sababu kamba hainywi. Nyumba ya mjomba ilikuwa hatua chache kutoka pale na nilisikia sauti za wazee zikipanda na kushuka bila kukamata neno. Harufu ya nyama ilinijia. Nilikaa, nikasimama, nikachungulia kwenye ufa, nikakaa. Nilitunga hotuba nzima ya kujitetea, nikaiona nzuri, nikafika mpaka mlangoni nikiwa nayo. Miguu yangu ilikuwa inacheza yenyewe. Kila sauti ya mjomba ilipotulia nilijua anasema hapana.

Mchumba wangu aliingia kuchukua kuni. Nilifungua mdomo.

"Kamba haisemi," alisema bila kugeuka.

Akachagua kuni kama anavyochambua maharage, huu anauweka, huu anauacha. Nilikuwa nasikia pumzi yake.

"Wala haichezi miguu," aliongeza.

Nikaibana miguu kwa mikono. Alipofika mlangoni na mzigo wake alisema kwa sauti ya chini, akiangalia nje, "Mjomba anatuma watu wachungulie. Anataka kuona kama inaweza kukaa ilipowekwa."

Akaenda zake. Nikajua sasa kwamba lile jambo halikuwa linaamuliwa ndani ya nyumba. Lilikuwa linaamuliwa pale, kwenye kuni, kwangu mimi, kwa kitu pekee ambacho sikuwahi kukiweza maishani. Nilikaa. Siwezi kuwaeleza watu waliotulia kwa asili ilivyokuwa. Inzi alitua kwenye jicho, nikakaa. Kivuli kilipita kwenye ufa, kikasimama, kikaondoka, nikakaa. Mvua ikaacha, ikarudi. Nililia kidogo, kwa sababu nilimpenda yule msichana na sikuwa na kingine cha kufanya nao ule upendo zaidi ya kukaa kimya juu ya kuni.

Vigelegele vilipolipuka ndani ya nyumba, mwili wangu wote uliruka ndani kwa ndani. Nje haukuondoka. Nilibaki palepale mpaka baba mkubwa alipokuja, akazikunja kamba zake za mgomba, akanigusa bega.

"Twende," alisema, na macho yake yalikuwa yanacheka.

Mjomba alitusindikiza mpaka kwenye lori. Sikusema shikamoo, nilikuwa nimejifunza.

"Msalimie mwoaji," alimwambia baba mkubwa. "Mwambie imefika haijakanyaga vumbi." Kisha akanitazama, kwa mara ya kwanza siku ile, usoni. "Na kamba hiyo nzuri. Msiitupe."

Mke wangu hakuwahi kuniita jina jingine tukiwa wawili. Safarini, nikianza kugeuka nyuma kutazama mizigo, aliniwekea mkono gotini. "Kamba, kaa," alisema, nami nikakaa, mpaka kona ya pili. Tulisafiri hivyo miaka mingi, na magunia, na watoto, na baadaye na baiskeli za watoto juu ya magari ya watu.

Alipougua mara ya mwisho nilikaa kando ya kitanda hospitalini nimemshika mkono. Watoto walinisihi nikale, nikapumzike, sikusikia la mtu. Alasiri moja alifumbua macho, akautazama mkono wangu uliokuwa umeushika wake.

"Sasa unashika nini?" aliniuliza, na alikuwa anatabasamu.

Akanikunjua vidole, kimoja kimoja, polepole, kwa namna yake ya kufanya mambo. Vilikuwa vimekakamaa tena. Aliniwekea mkono wangu gotini kwangu, akaupapasa, akalala.

Ndiyo maana mwanangu akiniuliza naangalia nini, sijibu. Baiskeli zipo, mikanda imekaza, kufuli limefungwa. Nageuka mbele, natulia kidogo. Tukipita kona ya pili nageuka tena.